Masika ya Mikia Iliyokatika

Tarehe 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi na paa letu halikuchelewa. Limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti cha Baba. Baba amesogeza kiti, ameweka sufuria, kisha ameketi kuitazama sufuria kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Yeye ni mwashi mstaafu na hataki fundi mwingine akanyage paa lake. "Nitalipanda mwenyewe," anasema. Ana miaka sabini na minne na goti moja linalofanya kazi.

Daktari, mkuu wa maabara yetu, ametuagiza kila mtu awe na daftari la kazi. Hili si hilo. Lile linataka vipimo na saa; hili nitaliandikia yale ambayo hayapimiki, na likijaa nitalificha.

Mimi ni fundi wa maabara ya chuo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Wananiita Mashine. Wengine wakiwa bado wanatafuta kifuniko, mimi nimeshajaza mirija arobaini na kufuta meza. Sijivuni. Basi, najivuna kidogo.

Tarehe 6 Machi

Tumepata mwanafunzi mpya wa uzamili. Nilitarajia kijana mwenye vipokea sauti masikioni, akaja mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye kikapu. Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na minane, kusoma na kuhesabu, kisha akaacha kazi arudi shule. Mjane, watoto watatu wakubwa. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata Daktari anayemfundisha.

Kazi yake ni bakteria walioharibiwa mkia. Bakteria hawa huogelea kwa mkia mwembamba unaozungushwa na mota iliyopachikwa mwilini mwao. Mkia ni protini ya aina moja tu, vipande elfu ishirini na zaidi vilivyopangwa kama matofali, na kila tofali ni mnyororo mrefu uliojikunja kwa umbo lake maalumu. Katika ukoo huu wa bakteria wa Mwalimu, kipingili kimoja cha mnyororo kimebadilishwa. Kimoja tu. Daktari anaamini kwamba kosa hilo dogo linafanya matofali yakatae kushikana, kwa hiyo mkia haujengeki kabisa. Mwalimu anatakiwa kuthibitisha.

Mkia wenyewe hauonekani kwa hadubini yetu. Tunajua upo kwa kuona wanavyokwenda. Wakiogelea, wanao. Wakitulia, hawana.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Sufuria imekuwa mbili.

Tarehe 12 Machi

Mwalimu ni mpole wa mikono kupita kiasi. Akifyonza kwa pipeti utadhani ananyonya mchuzi wa moto. Akitema, anasubiri tone liamue lenyewe kuondoka. Tena anaimba chini kwa chini, wimbo usio na maneno, sauti moja juu na mbili chini. Leo nimemkuta ana mkasi, anakata ncha za pipeti moja moja ili tundu liwe pana.

"Mwalimu, hizo ncha mpya, unazichinja kwa kosa gani?"

"Njia ikiwa nyembamba wanaumia, mwanangu. Na wewe unawapuliza kwa nguvu mno."

"Bakteria hawaumii."

"Umewauliza?"

Wenzangu wa chumba cha pili walicheka. Nami nilicheka. Mtu ana wiki moja kasoro hapa ananifundisha kushika pipeti.

Tarehe 15 Machi

Jioni Baba aliniuliza siku nzima tunafanya nini huko. Nikamweleza mkia unavyojengwa, maana ni habari ya ujenzi na huwa inamfurahisha kubisha.

"Baba, huu mkia ni mnara wenye uwazi katikati. Unakua kutoka juu, si kutoka chini."

"Haiwezekani. Tofali la juu linafikaje?"

"Linapanda ndani ya uwazi. Ila njia ni nyembamba mno, tofali lililojikunja halipiti. Kwa hiyo linanyooshwa kwanza, likawa uzi."

"Tofali likawa uzi."

"Ndiyo. Linapita kama uzi mpaka kileleni. Huko kuna kifuniko. Chini ya kifuniko linajikunja tena, linarudi kuwa tofali, linakaa mahali pake. Kifuniko kinazunguka kidogo, kinaacha nafasi ya linalofuata."

Matone yalikuwa yanagonga sufuria zote mbili, moja kwa sauti nene na moja kwa nyembamba.

"Na msimamizi ni nani?"

"Hakuna. Umbo la tofali ndilo linalojua."

Nikamweleza na lile la safu kumi na moja. Matofali hupangana kwa safu kumi na moja zinazosimama bega kwa bega, na safu chache huwa fupi kuliko nyingine kwa kiasi kidogo sana. Ule ufupi ndio unaoupinda mkia uwe kama springi. Safu zote zikilingana mkia hunyooka kama sindano, mota huzunguka bure na bakteria haendi popote.

"Kwa hiyo kupinda ndiyo uzima," alisema Baba. "Niliowajengea kuta zilizopinda wangelijua hilo, wasingenitukana."

Tarehe 19 Machi

Mwalimu ameleta matokeo. Anasema wanaogelea! Ukoo uliotakiwa usiwe na mkia, yeye anasema sita kati ya kumi wanakwenda, polepole lakini wanakwenda. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Ni mtu mwema, Daktari, ila miaka saba ameijenga nadharia hii na anaitazama kama mtu anavyotazama nyumba yake.

"Mashine," aliniita. "Rudia kila kitu. Kwa mkono wako."

Tarehe 22 Machi

Nimerudia mara tatu. Bakteria wa kawaida, wale ambao hawajaharibiwa, wanaogelea vizuri kabisa chini ya mkono wangu. Wale wa Mwalimu wametulia tuli. Wanayumbayumba tu kwa mtikisiko wa maji, kama punje za mchele kwenye beseni. Mia mbili nimehesabu. Wanaokwenda, watatu.

Daktari aliposhika karatasi yangu uso wake ulifunguka. Akasema makala ikiandikwa jina langu litakuwemo. Jina langu, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Miaka kumi na miwili nimeandaa meza za watu wakapata vyeo, na jina langu halijawahi kuchapwa popote isipokuwa kwenye orodha ya zamu za kuosha vyombo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu chini ya mvua na sikuiona.

Tarehe 26 Machi

Mchana, baada ya chakula, nilisinzia katika chumba cha hadubini. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye joto, na mvua inasikika kwa mbali kama watu wanaopiga makofi katika jumba la pili. Niliota nimenyooshwa. Sina mikono wala kichwa, mimi ni uzi, napita katika njia nyembamba yenye giza na walio mbele yangu ni mimi na walio nyuma yangu ni mimi. Sikuogopa. Nilijua tu kwamba mwisho wa njia kuna mahali ambapo nitakumbuka umbo langu. Nikafika, kifuniko kikageuka, nikaanza kujikunja, kidole kimoja, kidole cha pili. Nikaamka kabla ya kupata uso.

Mwalimu alikuwa kwenye hadubini ya pili, anaimba. Akasema, "Umelala vizuri. Nimekupunguzia taa."

Tarehe 29 Machi

Daktari aliniuliza tukiwa wawili. Iweje wa Mwalimu wanaogelea na wangu hawaogelei, na wametoka mrija mmoja?

Nilisema sijui. Akaniangalia. Nikasema labda ameshika mrija usio wake. Akasema amekagua, ni wenyewe. Basi nikasema lililokuwa limebaki. Nikasema mama wa watu ana haraka ya shahada, umri unakwenda, na hesabu za sita kati ya kumi ni rahisi kuandikwa na mtu ambaye hakuchungulia.

"Unaweza kuliandika hilo?"

Nikaliandika. "Kwa maoni yangu matokeo haya yametungwa." Nikatia sahihi na tarehe. Kalamu haikusita, na naliandika hilo hapa kwa sababu jioni hii najisikia vizuri kuwa mtu wa kusema kweli.

Tarehe 2 Aprili

Mwalimu ameambiwa akae nyumbani hadi kamati ya chuo imsikilize, tarehe 14 Mei. Ikimwona na hatia atafutwa. Alikusanya vitu vyake mbele yetu: kikapu, mkasi, daftari, koti jeupe alilolikunja mara nne. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kitu kimoja.

"Ulichungulia kwenye hadubini yangu, hata siku moja?"

Nikasema matokeo yangu yanajitosheleza.

"Sawa," alisema, akaondoka. Nilimwona dirishani akivuka ua, mwavuli hana, anakwepa madimbwi taratibu kama anavyofanya kila kitu.

Tarehe 3 Aprili

Mvua.

Tarehe 4 Aprili

Mvua. Sufuria tatu na beseni.

Tarehe 11 Aprili

Chumba cha hadubini kimekuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji ikipumua. Leo nimejikuta naimba ile sauti moja juu na mbili chini. Nikajikaripia.

Daktari ameanza kuandika makala. Ameniletea ukurasa wa kwanza, majina yameandikwa juu. Langu la pili. Nilimwonyesha Baba, naye akaliweka chini ya kioo cha meza, penye picha ya marehemu mama. Ameshawaita majirani wawili waje kuliona. Hakuna aliyeelewa kichwa cha habari, ila wote walilisoma jina kwa sauti.

Tarehe 18 Aprili

Mvua. Baba anapima paa kwa macho. Sipendi anavyolipima.

Tarehe 23 Aprili

Nianze mwanzo.

Saa nne nilikuwa natayarisha ukoo wa Mwalimu kwa picha za makala. Nilifanya kama siku zote. Nikachukua bakteria kwenye mchuzi wao wa chakula, nikawafyonza na kuwatema mara ishirini, upesi upesi, ili wasigandane. Nikadondosha tone kwenye kioo, nikachungulia. Tuli. Vizuri. Mrija uliobaki nilitaka kuutupa, simu ikalia. Jirani yetu.

"Njoo nyumbani. Mzee yuko juu ya paa."

Nilikimbia nikiwa na koti jeupe na glavu. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mabati, mvua inamnyeshea, nyundo mkononi, anazungumza na jirani kuhusu bei ya misumari kana kwamba yuko sebuleni. Kupanda alipanda. Kushuka goti lilikataa. Ilichukua watu watatu, ngazi mbili na matusi yangu yote. Chini akaniambia, "Tundu nimelipata, lakini," kwa sauti ya mshindi. Nikamvika nguo kavu, nikamkalisha, nikarudi kazini.

Zilikuwa zimepita saa mbili na nusu. Mrija ulikuwa mezani nilipouacha. Nikaona si vibaya kuangalia mara ya mwisho kabla ya kuutupa. Safari hii sikufyonza na kutema. Niliinamisha mrija tu, tone likaanguka lenyewe kwenye kioo, maana hata pipeti sikuwa na nguvu ya kuitafuta.

Nikachungulia.

Walikuwa wanaogelea. Si watatu. Uwanja mzima. Wanapita kutoka kushoto, wanajipindua, wanapotea pembeni, wengine wanakuja, polepole kama watu wanaotoka ibadani na hawana haraka ya kufika nyumbani. Nilikaa hapo sijui muda gani. Ilikuwa nzuri, hilo nalo nilikiri. Miaka kumi na miwili nimewahesabu na sijawahi kuwatazama. Niliwatazama kwa kupumzika, bila wazo hata moja, mpaka wazo likaja.

Asiyeweza kujenga mkia hawezi kuwa nao baada ya saa mbili.

Tarehe 24 Aprili

Leo nimefika saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya mtu yeyote. Mchuzi mmoja, nikaugawa mirija minne.

Wa kwanza nikautikisa taratibu, tone likaanguka lenyewe. Wanaogelea, sita kati ya kumi. Sita! Wa pili nikatumia ncha niliyoikata kwa mkasi, mkono nikaubana kwa mwingine ili usikimbie. Wanaogelea. Wa tatu nikafanya Mashine: ncha nyembamba, mara ishirini, upesi. Tuli. Wa nne nikafanya Mashine, kisha nikauacha na mchuzi wake penye joto, nikakaa kuutazama ukuta. Baada ya nusu saa mmoja mmoja. Baada ya saa mbili, uwanja mzima.

Basi ni hivi. Mkia wanao. Unajengwa wote, uzi unapita, kifuniko kinazunguka, matofali yanakaa. Ila kipingili kile kimoja kilichobadilishwa kipo pale tofali linaposhikana na jirani yake, na mshiko umelegea. Mkia wa kawaida unastahimili mkono wangu. Huu hauwezi. Nikiwapitisha kwenye tundu jembamba kwa kasi, maji yanauvuta mkia na kuukata. Mota inabaki, shina linabaki, na kwa kuwa njia ya ndani bado iko wazi, wanatuma nyuzi upya na kuujenga tena. Niliowaona hawana mkia, mkia wao niliukata mimi, dakika moja kabla ya kuchungulia.

Na aliniambia. Siku ile ya mkasi aliniambia kwa maneno matupu kwamba nawapuliza kwa nguvu, nami nikacheka.

Nimeosha mirija yote minne. Sijasema.

Tarehe 25 Aprili

Sijasema.

Tarehe 27 Aprili

Daktari kaleta ukurasa wa tatu wa makala. Nimesahihisha nukta. Sijasema.

Tarehe 30 Aprili

Mvua haikatiki. Najadiliana na nafsi kama wakili aliyelipwa na pande zote mbili. Nasema: kamati haitamfukuza, ni mtu mzima, watamwonya tu. Nasema: nani ajuaye, labda naye alitunga na ikatokea kuwa kweli. Hilo la pili nililisema kwa sauti nikiwa naosha vyombo, na Baba akauliza naongea na nani.

Ninaogopa. Niliandike tu. Nikisema, kila nilichopima kwa miaka kumi na miwili kitaulizwa upya, na wataanza kuniita jina lingine. Na lile jina chini ya kioo itabidi Baba alitoe mwenyewe.

Tarehe 5 Mei

Nimeota tena. Safari hii njia nyembamba ilikuwa imejaa watu, wote wamenyooka, wote wanasubiri. Hakukuwa na kilele. Mahali kilipokuwa palikuwa wazi na maji yanapita, na waliofika walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanapotea bila kupata umbo. Hakuna aliyelalamika. Niliamka nimelalia mkono wa kulia, umekufa ganzi, nikauangalia kama wa mtu mwingine.

Tarehe 7 Mei

Nilimwuliza Baba kama aliwahi kubomoa ukuta wake mwenyewe.

"Mara nyingi."

"Ulijisikiaje?"

"Ukuta haukuwa shida. Shida ni mwenye nyumba kusimama pale anaangalia." Akachukua kipande cha mkate. "Wewe umejenga nini?"

Nikamweleza. Nilichukua muda mrefu. Nilitegemea anitupie ile ya haraka haraka haina baraka, nimwambie hiyo imechoka aipumzishe. Hakunitupia. Alinyanyua kioo cha meza, akatoa karatasi yenye jina langu, akaikunja, akanipa. Hakunitazama. Nililia kama mtoto, naye akaenda kumwaga sufuria.

Tarehe 8 Mei

Nimesema.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akaniuliza, "Umemwonyesha mtu mwingine?" Nikasema hapana. Nilielewa anachokifikiria kwa kuwa nami nilikuwa nimekifikiria siku kumi na nne. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Miaka yake saba ilikuwa imekaa naye pale kwenye kiti.

"Nionyeshe," alisema.

Nikamwonyesha. Aliwatazama walioota mkia upya kwa nusu saa nzima, na mara moja nikasikia akisema "ala!" peke yake, kwa furaha, kama mtu aliyesahau kwamba ameshindwa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Kamati ni Jumatano," alisema. "Njoo na mirija. Na mkasi."

Tarehe 14 Mei

Chumba cha kamati kina zulia, na hadubini iliyowekwa mezani ilionekana kama imekosea njia. Watu watatu wa kamati, Daktari, mimi. Mwalimu alikaa peke yake upande wa pili, amevaa gauni la kutokea, mikono juu ya kikapu. Amekonda.

Niliomba nisiseme kwanza, nifanye. Nikachukua mrija, nikafyonza na kutema mbele yao kwa kasi yangu yote. Nilikuwa nataka waone kasi yenyewe, ile niliyosifiwa nayo. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa idara ya kemia, akachungulia. "Wametulia," alisema. Nikachukua mrija wa pili, ncha iliyokatwa, polepole. Akachungulia. Akachungulia tena, akamwita mwenzake, naye akamwita wa tatu, wakawa wanapokezana kama watoto kwenye tundu la ukuta.

Kisha nikasema. Kwamba niliandika matokeo yametungwa. Kwamba sikuchungulia hadubini yake hata siku moja. Kwamba alikuwa amenionya na sikumsikiliza kwa sababu alikuwa mgeni na mzito wa mikono. Kwamba nimelijua kosa tangu tarehe 23 Aprili na nikakaa kimya wiki mbili.

"Kwa nini wiki mbili?" aliuliza mwenyekiti.

"Niliogopa kuaibika."

Mwalimu alikuwa anaangalia zulia. Wakamsafisha palepale, kwa maneno na kwa maandishi. Mimi nimepewa onyo, na mwaka mzima kila nitakachopima kitarudiwa na mwingine. Jina langu limetolewa kwenye makala. Daktari anaandika upya, la Mwalimu liko mbele. Nilipotoka nilijaribu kumwendea, lakini alikuwa ameshapita mlango wa pili.

Tarehe 17 Mei

Mwalimu hajarudi kazini. Daktari ametundika koti jipya jeupe mahali palipokuwa lake.

Tarehe 21 Mei

Hajarudi. Nafanya kazi polepole sasa. Wenzangu wananitania, wananiita Konokono. Afadhali. Wangeacha kunitania ningejua pa kuanza kuhofia.

Tarehe 24 Mei

Mvua imepungua, inakuja na kuacha. Nimemwuliza Daktari nyumbani kwa Mwalimu ni wapi.

Tarehe 25 Mei, Jumapili

Ni nyumba ya vyumba vitatu, mlango wa bluu. Alifungua mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasahau yote, nikasema tu, "Mwalimu, nisamehe." Nikapiga magoti pale kizingitini, kwenye maji, bila kupanga.

"Inuka, utalowa."

Nikainuka. Hakunipisha mlangoni.

"Mimi nimekusamehe siku ile kwenye kamati," alisema. "Si hilo. Nilipokaa nyumbani wiki sita, unajua wanangu walifanya nini? Waliacha kuniuliza habari za chuo. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Huyu wa mwisho aliwaambia majirani mama ameacha masomo kwa sababu ya shinikizo la damu. Barua ya kamati nimewasomea, wakasema hongera, mama, wakaendelea kula. Wanadhani nimehurumiwa kwa ajili ya umri." Alipumua. "Wanahitaji kusikia kwako."

Akanipisha. Sebuleni walikuwa wawili, binti mkubwa anakunja nguo na mdogo wa kike amelala na simu kwenye kochi. Mwalimu akasema huyu ndiye yule wa maabara. Binti mkubwa aliacha kukunja nguo.

Nilisimama katikati ya chumba kama mtoto wa darasa la kwanza anayesomeshwa ubaoni. Nikawaeleza bakteria, mkia, tundu jembamba, mkono wangu. Sikuruka kitu. Nikasema, "Mama yenu hakutunga hata namba moja. Aliona kilichokuwepo. Mimi ndiye niliyekikata kabla ya kutazama, nikaandika kwamba yeye ni mwongo."

Nje mvua ilikuwa imeacha.

"Tulijua, mama," alisema binti mkubwa haraka. "Sisi tulijua huwezi kufanya hivyo."

"Hamkujua," alisema Mwalimu. "Mlinionea huruma. Hayo ni mawili."

Binti akaikunja upya nguo iliyokuwa imeshakunjwa. Yule mdogo alikuwa ameketi sasa, simu imeanguka mapajani, anamtazama mama yake usoni kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaanza kulia, na Mwalimu hakumkimbilia kumbembeleza.

Alinigeukia mimi. Akaniuliza kama ninaweza kukaa kidogo, nirudie tena yote tangu mwanzo, maana mwanawe wa kiume anatoka kazini saa kumi na moja.

Nikasema nitamsubiri.